Mshahara wa Dereva wa Trekta: Kwa Nini Haulingani Kila Mahali

Kila mwaka, mwezi wa Januari unapokwisha na jua la kiangazi likiwa limekausha mabua ya mahindi, mngurumo wa matrekta husikika toka alfajiri katika nchi yote ya Uasin Gishu, toka Moiben hata Turbo, na toka Ziwa hata Kesses. Mwenye shamba ataka ardhi yake ilimwe kabla mvua ya Machi haijashuka. Mwenye trekta ataka mashine yake isilale hata siku moja. Na kati ya hao wawili ameketi mtu wa tatu, vumbi likimfunika toka kofia hata viatu, ambaye pasipo yeye hakuna lolote liwezalo kufanyika. Huyo ndiye dereva. Watu wengi huuliza bei ya trekta, na bei ya dizeli, na bei ya kulimiwa ekari moja. Lakini ni wachache waulizao dereva huyo apata nini, na kwa nini mwenzake aliye Narok au Mwea au Naivasha hulipwa kwa namna nyingine.

Swali hili si la madereva peke yao. Lamhusu mzazi mwenye kijana aliyemaliza shule na ambaye ataka kujifunza kazi ya mashine. Lamhusu mkulima, kwa kuwa dereva asiyelipwa vema huutafuta ujira wake ndani ya tangi la dizeli. Lamhusu pia karani wa shamba, ambaye ndiye aandikaye daftari la mishahara na kuulizwa maswali mwisho wa mwezi. Kwa hiyo yafaa tulitazame kwa hesabu, wala si kwa uvumi wa sokoni.

KAZI HII ILIVYOANZA HAPA

Makaburu walipoupanda uwanda huu mwaka 1908 walikuja na magari yaliyokokotwa na maksai, na maksai hao hao ndio waliovuta majembe ya plau ya kwanza. Mahali palipokuja kuitwa Eldoret palijulikana kwanza kwa namba ya shamba, yaani 64, na hata leo wazee husema Sisibo. Reli ilifika mwaka 1924, na tangu hapo ngano na mahindi yaliweza kusafirishwa mbali kwa faida. Kazi ya shamba wakati huo ilifanywa zaidi na maskwota. Sheria ya mwaka 1918 iliwataka wafanye kazi kwa mwenye shamba siku zisizopungua 180 kwa mwaka, nao wakapewa mahali pa kujenga, kulima na kulisha mifugo yao. Fedha waliyopata ilikuwa kidogo sana, kwa kuwa mwenye shamba alihesabu ardhi na malisho kuwa ni sehemu ya mshahara. Desturi hii ya kuhesabu nyumba, posho na maziwa pamoja na fedha haijatoka kabisa katika mashamba yetu, na tutairudia mbele.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia matrekta yaliongezeka upesi. Mwaka 1946 kilianzishwa hapa chuo cha kuwafundisha wakulima wa mashamba makubwa, nao waliokianzisha walikuwa walowezi wa Kizungu. Chuo hicho ndicho, baada ya kupitia mabadiliko mengi, kilichopata hati yake mwaka 2013 kuwa Chuo Kikuu cha Eldoret. Mwafrika wa siku zile alijifunza kwa njia nyingine. Alianza kwa kuwashika maksai, kisha akawa taniboi wa kupaka grisi na kufunga plau, na siku dereva alipougua ndipo yeye alipoachiwa usukani. Mshahara wake uliandikwa katika kipande, na kipande hicho alikivaa shingoni hata sheria yake ilipobadilishwa mwaka 1947. Alipokwenda kutafuta kazi kwingine, bwana mpya alisoma kwanza alilipwa ngapi na bwana wa zamani. Kwa hiyo mshahara mdogo ulimfuata mtu kama kivuli.

Mwaka 1954 kamati iliyoongozwa na Bw. Carpenter ilitoa taarifa juu ya mishahara ya Waafrika katika Kenya. Jambo lake kuu lilikuwa hili: mshahara uliokuwa ukipimwa kwa mahitaji ya mtu asiye na mke haumfai mtu mwenye mke na watoto, na ni lazima upandishwe mpaka uitoshe jamaa nzima. Lakini walioangaliwa kwanza katika kazi hiyo walikuwa watu wa mijini. Mtu wa shamba alidhaniwa kuwa ana bustani yake ya kumlisha. Tofauti hii ya mji na shamba iliingia katika sheria za mishahara, na haijafutika.

SHERIA YASEMA NINI

Katika Kenya mishahara ya chini kabisa ya kazi za kilimo huwekwa kwa amri yake yenyewe, mbali na ile amri ya kazi nyingine. Amri hii ya kilimo hutaja kazi moja moja kwa jina: kibarua asiye na ufundi, mchungaji na mlinzi, mpishi, fundi wa shamba, dereva wa trekta, dereva wa kombaini, dereva wa lori au motokaa, karani wa shamba, na msimamizi. Kila kazi ina kiasi chake kwa mwezi na kwa siku.

Nyongeza ya asilimia 6 ilianza tarehe 1 Novemba, 2024. Kwa amri hiyo kibarua wa shamba asiye na ufundi aliwekewa karibu shilingi 8,000 kwa mwezi. Dereva wa trekta aliwekewa shilingi 10,000 na ushei, na dereva wa kombaini shilingi 11,000 na ushei. Dereva wa lori amewekwa juu kidogo ya dereva wa kombaini, na karani wa shamba amewekwa juu yao wote, sawa na msimamizi. Wasomaji walio makarani pengine watafurahi kusikia hayo. Walioshika usukani wa kombaini watauliza ni nani aliyepima uzito wa kalamu na uzito wa mashine.

Sasa tazama jambo la ajabu. Amri ya kilimo ina kiasi kimoja kwa nchi nzima. Dereva wa trekta wa Moiben, wa Kitale, wa Timau na wa Naivasha wote wamewekewa kiasi kile kile. Lakini amri ya kazi nyingine imegawanya nchi kwa mahali: miji mikubwa kama Nairobi, Mombasa na Kisumu ina kiasi chake, miji iliyokuwa na manispaa ina kiasi chake, na sehemu zilizobaki zina kiasi chao. Kwa nyongeza ile ile ya 2024, kibarua wa kawaida wa Nairobi aliwekewa shilingi 16,000 na ushei kwa mwezi. Wa manispaa, karibu shilingi 15,000. Na wa sehemu nyingine, shilingi 8,600 hivi. Kwa maneno mengine, mtu afagiaye ghala katika Nairobi amewekewa na sheria fedha nyingi kuliko mtu aendeshaye kombaini katika Uasin Gishu, mashine ambayo bei yake yaweza kununua nyumba kadhaa.

Mji wa Eldoret wenyewe ulipewa hati ya kuwa jiji tarehe 15 Agosti, 2024. Kodi za nyumba za kupanga na bei ya chakula katika mitaa yake si za kijijini tena. Lakini dereva alalaye pembeni mwa jiji na kwenda shamba kila asubuhi huhesabiwa kwa amri ya kilimo, maana sheria hutazama kazi aifanyayo, wala haitazami mahali alalapo.

Kiasi cha sheria ni sakafu, si dari. Maana yake, ni marufuku kulipa chini yake, wala hakuna azuiaye kulipa zaidi. Na kwa kweli dereva mzuri wa trekta hapati kwa urahisi kushikwa kwa kiasi hicho cha chini. Hapo ndipo mahali panapoanza kuleta tofauti, ijapokuwa sheria haikupataja.

MAMBO MANNE YALETAYO TOFAUTI

Jambo la kwanza ni mvua. Uasin Gishu hutegemea msimu mmoja mkubwa. Ardhi hulimwa toka Januari, mahindi hupandwa Machi na Aprili, ngano hufuata baadaye, na mavuno huja toka Oktoba. Kwa hiyo kazi ya trekta huja kwa mafuriko, kisha hukauka kama mto wa kiangazi. Katika wiki za kulima, dereva hutafutwa usiku na mchana, na ujira hupanda. Julai ikifika, trekta lile lile limesimama chini ya mti likiota majani magurudumuni. Huko Mwea, ambako mpunga hulimwa kwa maji ya mifereji, kazi hugawanyika kwa namna nyingine. Naivasha, kwenye maua na mboga, trekta huvuta tela kila siku ya mwaka, na dereva huajiriwa kwa mwezi kama karani. Katika nchi ya miwa, kama Nzoia na Muhoroni, trekta hufuata kiwanda: kiwanda kikisaga, dereva hula; kiwanda kikifungwa, dereva hukaa.

Jambo la pili ni ukubwa na hali ya shamba. Mashamba mengi makubwa ya uwanda huu yalinunuliwa na kampuni na vyama vya wananchi baada ya Uhuru, yakagawanywa. Nao warithi wakayagawanya tena. Dereva alimaye ekari 100 zilizo pamoja hugeuza plau mara chache. Dereva alimaye vipande ishirini vya ekari tano tano hupoteza saa nyingi akifungua malango, akizunguka pembe, na kusafiri barabarani. Akiwa analipwa kwa ekari, ujira wa shamba kubwa na wa shamba dogo hauwezi kuwa sawa hata ukiitwa kwa bei moja. Tena kuna udongo mweusi ushikao magurudumu, kuna mawe, na kuna visiki vya miwati vilivyobaki chini ya ardhi. Kisiki kimoja chaweza kuvunja diski na kula kazi ya siku mbili.

Jambo la tatu ni nyumba na chakula. Shamba lililo mbali na mji humpa dereva nyumba, kuni, maziwa, na pengine robo ekari ya kulima. Kontrakta wa mjini humpa fedha tu. Asemaye, ‘Mimi napata shilingi elfu kumi na tano, na mwenzangu apata elfu ishirini,’ hajasema neno mpaka aseme pia ni nani amlipiaye kodi ya nyumba.

Jambo la nne ni mashine yenyewe. Kuendesha trekta la kuvuta tela ni kazi moja. Kupanda kwa planta iliyopimwa vizuri ni kazi nyingine. Na kuvuna kwa kombaini ni ufundi mwingine kabisa. Dereva wa kombaini hana budi kujua urefu wa kukata, mwendo wa pipa la kupurira, nafasi kati ya pipa na wavu wake, na nguvu ya upepo upepetao makapi. Ngano ya asubuhi yenye umande haivunwi kama ngano ya saa nane. Tuseme shamba latoa magunia 20 ya kilo 90 kwa ekari. Ikiwa mashine imepimwa vibaya, ikamwaga punje moja katika kila ishirini, gunia zima limebaki chini katika kila ekari, nao ndege ndio watakaolivuna. Katika ekari 50 hayo ni magunia 50. Mkulima aliyebania dereva shilingi mia tano kwa siku amewalipa ndege mara nyingi zaidi.

KUHESABU KWA MWAKA, SI KWA SIKU

Madereva wengi hudanganywa na fedha ya siku. Tufanye hesabu ya mfano, ambayo kila mtu aweza kuibadilisha kwa bei za mahali pake. Tuchukue ndugu wawili, wote madereva wa trekta.

Mkubwa ameajiriwa kwa mwezi katika shamba. Apata shilingi 15,000 na nyumba ya kukaa. Kwa mwaka ni shilingi 180,000, na kodi hakulipa.

Mdogo hufanya kazi kwa kontrakta na kulipwa kwa ekari. Wakati wa kulima apata shilingi 250 kwa ekari, naye hulima ekari 8 kwa siku. Hiyo ni shilingi 2,000. Wakati wa kupiga haro apata shilingi 125 kwa ekari, naye humaliza ekari 12. Hiyo ni shilingi 1,500. Katika siku hizo humcheka kaka yake, maana kaka kwa siku hafikishi hata shilingi 600. Lakini msimu wampa siku 60 za kulima na siku 30 za haro. Jumla ni shilingi 120,000 na shilingi 45,000, yaani 165,000. Apangishaye chumba Eldoret kwa shilingi 2,500 kwa mwezi hutoa shilingi 30,000 kwa mwaka. Abakiye nacho ni shilingi 135,000, na kaka yake amemwacha kwa shilingi 45,000.

Je, mdogo amekosea kuchagua? Hapana, kama azijua siku zake. Mwaka una siku 365, naye amefanya kazi siku 90. Siku 275 zimebaki mikononi mwake. Akizikalia bure atakuwa chini ya kaka yake sikuzote. Lakini akipata siku 40 tu za kuvuta mahindi au majani ya ng’ombe kwa tela, kwa shilingi 1,500 kwa siku, ameongeza shilingi 60,000, na sasa yeye ndiye aliyetangulia. Ndiyo maana madereva wa kombaini walio hodari hawakai mahali pamoja. Hufuata ngano ikomaavyo: mashine hupakiwa juu ya lori na kupelekwa Narok, kisha huletwa Uasin Gishu mavuno ya huku yanapokuwa tayari. Kwao mahali si kijiji alichozaliwa mtu. Ni ratiba ya mwaka mzima.

Hata hivyo, kusafiri kuna gharama zake. Mtu aendaye Narok hununua chakula chake, hulala penye baridi, na huacha mke na watoto kwa wiki nyingi. Kabla ya kukubali, na aulize: Nauli ni ya nani? Chakula ni cha nani? Mvua ikinyesha siku tano na mashine ikasimama, nitalipwa nini? Mashine ikivunjika na spea ikatafutwa Nairobi wiki nzima, nitahesabiwa kuwa kazini au nyumbani? Asiyeuliza hayo huenda kwa shilingi elfu tatu za maneno akarudi na elfu moja za mkononi.

NCHI NYINGINE

Tusidhani kwamba mambo haya ni ya Kenya tu. Katika Marekani, mkulima aletaye wafanyakazi wa msimu toka nchi za nje hutakiwa na Serikali kuwalipa kiasi ambacho huwekwa kwa kila jimbo mbali mbali, kwa kuwa gharama za maisha na uhaba wa watu si sawa kila mahali. Katika Uingereza palikuwa na bodi maalum ya mishahara ya kilimo kwa miaka mingi. England iliivunja yake mwaka 2013, lakini Scotland iliendelea kuwa na yake. Hivyo ndivyo nchi zilizo jirani zilivyoamua kinyume katika jambo moja.

Karibu nasi pana somo la Tanganyika. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga Kongwa, na baadaye Urambo na Nachingwea. Matrekta yaliletwa kwa mamia, mengi yakiwa yamekwisha tumika vitani. Ardhi ilikuwa ngumu, mvua ilikuwa haba, na madereva wengi walitiwa usukanini kabla hawajafundishwa vya kutosha. Kabla mwaka haujaisha sehemu kubwa ya matrekta hayo ilikuwa imelala. Mpango huo uliachwa mwaka 1951, baada ya kupotea kiasi cha pauni milioni 36. Fedha za kununua mashine zilipatikana; mafunzo ya mtu wa kuiendesha na fundi wa kuitengeneza yalichelewa. Usione vyaelea, vimeundwa; na mwenye kuviunda ana mshahara wake.

Lakini pana upande mwingine pia. Mei 2023, huko Kericho, watu waliokasirika walizichoma moto mashine za kuchumia majani ya chai, wakisema zimewanyang’anya wachumaji kazi. Mashine moja huendeshwa na watu wachache na hufanya kazi ya wengi. Kwa hiyo mshahara wa mwendesha mashine haupimwi na ufundi wake peke yake. Hupimwa pia na hali ya majirani zake walioachwa bila kazi. Kuteketeza mashine hakukumrudishia mtu kapu lake. Lakini mwajiri anunuaye mashine bila kumfundisha hata mmoja wa wachumaji wake wa zamani amepanda mbegu ya ugomvi, naye asishangae ikiota.

HAKI ZA DEREVA NA ZA MWAJIRI

Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 ina mambo ambayo kila dereva na kila mwenye trekta yafaa ayajue kwa moyo.

Kazi ya miezi mitatu au zaidi yatakiwa iwe na mapatano ya maandishi. Kibarua wa siku hulipwa jioni ya siku ile. Lakini kibarua akifanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja, au akipewa kazi ambayo kwa kawaida haiwezi kumalizika kabla ya miezi mitatu, huhesabiwa kuwa mwajiriwa wa mwezi hata kama mwenye shamba aendelea kumwita kibarua. Aliyetimiza miezi kumi na miwili apaswa kupata likizo ya siku za kazi zisizopungua 21, yenye malipo. Mwajiri hana budi kumpa nyumba ifaayo, au kumwongezea fedha ya kupangia, isipokuwa kama mapatano yasema wazi kwamba kodi imo ndani ya mshahara.

Tena kuna jambo la kukatwa mshahara kwa sababu ya uharibifu. Plau ikivunjika, wenye mashine wengi husema mara moja, ‘Utailipa wewe.’ Sheria haisemi hivyo. Huruhusu kukata kiasi cha haki pale ambapo mali imeharibika kwa kosa la kusudi la mfanyakazi. Kisiki kilichofichwa na majani si kosa la kusudi. Lakini dereva aliyeonywa kwamba mafuta ya injini yamepungua, akaendelea hata injini ikashika, huyo asitafute wakili wa bei kubwa.

Sheria ya fidia ya walioumia kazini, ya mwaka 2007 pia, humtaka mwajiri awawekee wafanyakazi wake bima. Shafti inayozungusha mashine ya nyuma imekwisha kata mikono ya watu wengi kwa kunasa kanzu au koti. Kupakia watoto juu ya mabawa ya magurudumu ni kuwapeleka kaburini kwa mzaha. Dereva mwenye busara huzima injini kabla ya kushika kitu kilichonasa, hata kama mwenye shamba amesimama hapo akitazama saa.

Upande wa mwajiri nao una malalamiko yake ya haki. Dizeli huuzwa kwa madumu usiku. Ekari huzidishwa katika hesabu. Plau hupitishwa juu juu ili kazi iishe upesi, na mkulima hugundua mahindi yanapokauka mapema. Dawa yake si matusi. Ni daftari: lita zilizotiwa asubuhi, saa za mita ya injini, ekari zilizopimwa, na sahihi mbili jioni, ya dereva na ya mwenye shamba. Mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari hilo humlinda mwenye trekta asiibiwe, na humlinda dereva asisingiziwe.

CHETI CHA KIJANA

Kijana atakaye kazi hii asiridhike na kufundishwa na mjomba peke yake. Leseni ya kuendesha matrekta ya shamba na mashine za ujenzi ni ya daraja la G, wala leseni ya motokaa ndogo haitoshi. Mtihani wa ufundi wa Serikali una daraja la tatu, la pili na la kwanza, na hata mtu aliyejifunza kazini aweza kuufanya. Eldoret ina vyuo vya ufundi, na wauzaji wa mashine nao mara nyingine huwafundisha madereva wa wateja wao. Mwenye cheti ana jambo la kuonyesha anapohama toka Soy kwenda Timau, mahali ambapo hakuna amjuaye. Mzee wake wa mwaka 1940 alichukua kipande kilichotaja mshahara wake wa zamani. Yeye huchukua karatasi itajayo aliyojifunza, na mshahara huzungumzwa upya.

Tena ajifunze kutengeneza, si kuendesha tu. Dereva awezaye kubadilisha mkanda, kuziba bomba la haidroliki na kusikia beringi ikilia kabla haijavunjika, huokoa siku tatu za mwenye shamba katika msimu wenye siku 60. Mtu wa namna hiyo haombi nyongeza mara mbili, maana mwenye shamba aogopa kumpoteza.

Kwa mkulima aajiriye dereva mwaka huu, neno letu ni fupi. Kabla trekta halijawashwa, kaeni chini pamoja na kuandika mambo matano: kiasi cha fedha na kama ni kwa mwezi, siku au ekari; nyumba na chakula; malipo ya siku za mvua na za kuharibika; nani atoaye dizeli na nani aiandikaye; na siku ya mwisho ya kulipa. Karatasi moja yatosha, na karani yeyote wa jirani aweza kuiandika. Kila mmoja achukue nakala yake. Mvua ya Machi ikishuka, hakutakuwa na nafasi ya kubishana, kwa kuwa wote wawili watakuwa shambani.